Nyumba Iliyopasuka Haijafa: Somo juu ya Majengo ya Kale na Tetemeko la Ardhi

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Magadi hupita Ongata Rongai, kisha hufika Kiserian, mji ulio chini ya ncha ya kusini ya Vilima vya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado. Akiendelea kidogo hufika Corner Baridi, na hapo ghafula nchi hukatika mbele yake. Bonde la Ufa hufunguka chini, tambarare moja baada ya nyingine, hata macho yachoke. Wageni husimamisha motokaa zao ili watazame. Ni wachache wakumbukao ya kuwa uzuri ule ulifanywa na kupasuka kwa ardhi, na ya kuwa kazi ile haijakwisha.

Vilima vya Ngong vyenyewe ni mabaki ya mlima wa moto wa zamani sana, ambao upande wake wa magharibi ulikatwa na nyufa za Bonde ukadidimia. Nchi iliyofanyika hivyo hutikisika mara kwa mara. Mwaka 1913 palikuwa na tetemeko kubwa katika bonde la Turoka, katika nchi hiyo hiyo ya Kajiado. Tarehe 6 Januari, 1928, likatokea lile la Subukia, kaskazini ya Nakuru, lenye nguvu ya kipimo cha 6.9 hivi, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa kilomita zaidi ya 30 kando ya ukuta wa Laikipia. Mwaka 1998 watu wa Magadi waliona vishindo vidogo vidogo, vingi sana. Tena mwezi wa Julai, 2007, ardhi ilitikisika siku nyingi huko Gelai, karibu na Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Kishindo kilichozidi vyote, cha kipimo cha 5.9, kilikuja tarehe 17, na mjini Nairobi watu wakashuka ngazi mbio kutoka katika maofisi yao. Baada ya hapo mlima wa Ol Doinyo Lengai ukatoa moto na majivu.

Kwa hiyo tetemeko la ardhi, ambalo watu wa pwani wa zamani waliliita zilizala, si habari ya Japani na Italia peke yake. Na litakapokuja, watu wa Kiserian na wa mahali pengine penye majengo ya zamani watakabiliwa na swali gumu katika siku chache tu: jengo la wazee lililopasuka, je, livunjwe au liponywe? Mara nyingi jibu hutolewa kwa haraka na kwa hofu. Majengo mengi yaliyostahimili tetemeko lenyewe yameangushwa na watu katika mwezi uliofuata.

Wala mtu asidhani ya kuwa jengo la kale ni lazima liwe kubwa kama Fort Jesus ya Mombasa. Kanisa la mawe lililojengwa na babu, darasa la kwanza la shule, duka la zamani lenye baraza mbele, ofisi ambamo wazee walisikilizia kesi zao, yote haya ni kumbukumbu. Mfano ulio karibu na Kiserian ni ile nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912 upande wa mashariki wa Vilima vya Ngong. Mwandishi huyo wa Denmark aliishi nchini hadi mwaka 1931, na katika kitabu chake juu ya shamba lile, kilichotolewa mwaka 1937, alisimulia tetemeko lililopindua baadhi ya vibanda vya wenyeji. Nyumba ya mawe ilibaki, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho.

Msomaji aweza kucheka hapo akasema, basi jiwe limeshinda kibanda. Sivyo kabisa.

KWA NINI UKUTA HUANGUKA

Ukuta hujengwa ili ubebe uzito utokao juu kwenda chini, na kazi hiyo huiweza kwa miaka mia. Lakini tetemeko halikandamizi kutoka juu. Husukuma kutoka ubavuni, huku na huku, mara nyingi kwa muda wa sekunde chache. Ni kama mtu aliyesimama wima ndani ya lori, amejitwika debe la maji, na dereva akapiga breki ghafula. Miguu yake huenda na lori, na kichwa hutaka kwenda njia yake. Debe likiwa tupu aweza kujizuia. Likiwa limejaa, ataanguka.

Debe hilo ndilo paa, na uzito wa ukuta wenyewe. Nyumba ya Kimaasai, iliyofumwa kwa fito na kukandikwa kwa udongo na samadi, ni nyepesi na yaweza kupinda. Hata ikipinduka, mara chache humwua aliye ndani. Nyumba ya mawe haipindi. Husimama imara mpaka nguvu imezidi, kisha hupasuka. Na kila jiwe lianguakalo lina uzito wa kumvunja mtu. Jambo hili lilionekana kwa huzuni nchini Toro, Uganda, tarehe 20 Machi, 1966, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka, na likaonekana tena Bukoba tarehe 10 Septemba, 2016, ambapo tetemeko la kipimo cha 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kuzibomoa nyumba nyingi za matofali zilizojengwa bila kufungwa vizuri.

Katika jengo la kale la mawe ziko sehemu zinazotangulia kuumia, na yafaa kila mzee wa kanisa na kila mwalimu mkuu azijue. Ya kwanza ni ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya ncha ya paa, mbele na nyuma ya jengo. Pembetatu hiyo imesimama peke yake kama ubao, haikushikwa na kitu juu, nayo huangukia nje, mara nyingi juu ya mlango ambao watu wanaukimbilia. Ya pili ni pembe za nyumba, mahali kuta mbili zinapokutana. Fundi asipoyaunganisha mawe ya kuta hizo kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana, kila ukuta utatikisika kivyake na pembe itaachana kutoka juu kwenda chini. Ya tatu ni nafasi iliyo kati ya dirisha na dirisha. Hapo hutokea nyufa mbili zinazokatana kama alama ya msalaba ulioinama.

Ya nne haionekani kwa macho. Ukuta mnene wa kale mara nyingi si ukuta mmoja, bali ni kuta mbili nyembamba, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati yake pamejazwa vifusi na udongo. Fundi mwema wa zamani aliweka kila baada ya futi chache jiwe refu lililopenya kutoka uso mmoja hata wa pili, ili azifunge. Palipo na mawe hayo ukuta husimama. Pasipo nayo, vifusi vya katikati huteremka wakati wa kutikisika, tumbo la ukuta huvimba, na ganda la nje huporomoka. Ukuta uliovimba ni hatari kuliko ukuta uliopasuka, ijapokuwa ufa huwatisha watu zaidi.

KWANZA UHAI

Tarehe 26 Septemba, 1997, katika mji wa Assisi, Italia, tetemeko lilitokea usiku wa manane na kulitia nyufa kanisa maarufu la Mtakatifu Fransisko. Asubuhi yake watu waliingia ndani kutazama hasara. Kabla ya adhuhuri kishindo cha pili kikaja, chenye nguvu kupita cha kwanza. Sehemu ya dari ya mawe, yenye picha za kale za thamani kubwa, ikaanguka. Watu wanne walikufa, wawili watawa na wawili wakaguzi waliokuja kwa kazi ya kuliokoa jengo.

Habari hii yapasa isomwe mara mbili. Waliokufa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa kazi hiyo. Baada ya tetemeko kubwa vishindo vingine hufuata kwa siku, majuma, hata miezi, na jengo lililolegea haliwezi kuvumilia kama lilivyovumilia mwanzo. Kwa hiyo hakuna msalaba, daftari la ubatizo, picha, wala kinanda kinachostahili mtu kuingia kukitafuta siku ile. Jengo lizungushiwe kamba au miiba, mbali na kuta kwa kiasi kisichopungua urefu wa ukuta wenyewe, na mtu awekwe kuwazuia watoto. Ibada na masomo vifanyike chini ya mti. Kuingia kungoje mhandisi alikague jengo na kutoa ruhusa.

Lakini kungoja si kukaa bure. Yako mambo mengi ya kufanya kutoka nje, na haya ndiyo yanayoamua kama jengo litaishi.

Jambo moja ni kupiga picha. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Kila upande wa jengo upigwe picha ukiwa mzima, kisha kila ufa kwa karibu, na mtu asimame au rula iwekwe kando ili ukubwa ujulikane. Picha zipigwe kabla hata jiwe moja halijaondolewa, kwa maana namna mawe yalivyoanguka humweleza mhandisi ukuta ulikosukumwa na sehemu iliyotangulia.

Jambo jingine ni mawe yenyewe. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Siku ya tatu au ya nne huja mtu mwenye nia njema na tingatinga, na jioni uwanja u safi, mawe yote yamekwisha kumwagwa korongoni pamoja na milango, bawaba na mbao za kale. Au hali huwa nyingine: majirani huja na mikokoteni, kila mmoja akijichukulia mawe mazuri ya kuchonga kwa ajili ya nyumba yake. Jengo lililokuwa laweza kusimamishwa tena kwa mawe yake sasa halina mawe. Yapasa kamati itangaze mapema ya kuwa kila kilichoanguka ni mali ya jengo. Mawe ya pembe, ya matao, ya vizingiti na yenye maandishi yatengwe, yaandikwe namba kwa rangi katika uso ambao hautaonekana, na namba hizo ziandikwe pia juu ya picha. Mbao nzuri ziwekwe mahali pakavu, juu ya magogo, mbali na mchwa.

Nchini Nepal tetemeko la tarehe 25 Aprili, 2015, liliangusha jengo la kale la mbao na matofali liitwalo Kasthamandap, mjini Kathmandu, na watu waliokuwamo wakafa. Wataalamu walipochimba chini yake kwa uangalifu waliona ya kuwa misingi iliyowekwa miaka zaidi ya elfu moja nyuma ilikuwa bado imara. Waliona tena ya kuwa mojawapo ya nguzo kuu nne haikuwa na jiwe lake la kukalia. Basi kosa halikuwa la wajenzi wa kale, bali la matengenezo ya baadaye. Lau kifusi kingalizolewa kwa pupa, hakuna mtu ambaye angalijua, na wenyeji waliolijenga upya kwa njia za jadi wangaliweza kuirudia hitilafu ile ile.

Kazi ya tatu ya siku hizo ni kuzuia mvua. Ukuta uliopoteza paa hunywa maji kama sponji, na udongo uliomo ndani huwa matope. Mvua za masika zaweza kuangusha ukuta ulioliponyoka tetemeko. Vichwa vya kuta vifunikwe kwa turubai au mabati yaliyofungwa barabara. Na ukuta ulioinama uegemezwe kwa magogo yaliyosimamishwa kwa mshazari, yakiwa na ubao mpana upande wa ukutani na kigingi imara ardhini. Kazi hii ya kuegemeza ifanywe na fundi chini ya uongozi wa mhandisi. Si kazi ya vijana wa kujitolea siku ya Jumamosi.

Umuhimu wa maegemeo ulionekana Unguja, ingawa huko si tetemeko lililoleta msiba. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, wakati mafundi wakilitengeneza, na wawili wakafa. Jengo lililochoka laweza kuanguka mikononi mwa waganga wake.

KUUSOMA UFA

Si kila ufa ni wa tetemeko. Watu wa Kiserian, Rongai na Kitengela wanaufahamu udongo mweusi wa kwao, ambao wakati wa mvua huvimba na wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka kiasi cha kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimba msingi hata kwenye mwamba hupasuka pole pole, mwaka hata mwaka. Ufa wa namna hiyo huwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, hufunguka na kujifunga kwa majira, na ndani yake huonekana vumbi la zamani, utando wa buibui, pengine na rangi ya ukuta iliyoingia humo miaka iliyopita. Ufa mpya wa tetemeko una kingo safi zenye ncha kali. Tofauti hii si ndogo. Anayetibu msingi ilhali ugonjwa uko juu kwenye paa atatupa fedha za waumini.

Iko njia rahisi ya kujua kama ukuta bado unatembea. Chukua jasi, ipake juu ya ufa kama plasta nyembamba, upana wa kiganja, uandike tarehe juu yake. Jasi haivutiki hata kidogo. Ukuta ukitembea kwa unene wa unywele, jasi itakatika. Vipande vitatu au vinne vya namna hiyo, vikitazamwa kila juma na kuandikwa daftarini, humpa mhandisi habari ambazo hawezi kuzipata kwa kutazama mara moja. Mwalimu wa hesabu na wanafunzi wake waweza kuifanya kazi hii, ila tu kwa kuta zilizokwisha kukaguliwa na kuruhusiwa. Kuinama kwa ukuta nako hupimwa kwa timazi, chombo cha kale kisichodanganya.

CHOKAA NA SIMENTI

Majengo mengi ya zamani yalijengwa kwa chokaa, au kwa udongo uliopakwa chokaa juu. Fundi wa leo akiitwa kuyatengeneza, mara huja na mfuko wa simenti, kwa kuwa ndiyo aliyofunzwa, na kwa kuwa watu huamini ya kuwa kilicho kigumu ndicho kilicho bora. Katika jengo jipya simenti ni rafiki. Katika jengo la kale mara nyingi ni adui aliyevaa mavazi ya rafiki.

Sababu yake ni hii. Chokaa ni laini kuliko jiwe. Jengo likitikisika au kukaa kidogo, chokaa ndiyo inayokubali kupasuka, na jiwe hubaki zima; ufa ukijazwa tena kazi imekwisha. Tena chokaa hupumua: maji yaliyoingia ukutani hutoka nje kwa njia yake na kukauka. Simenti ni ngumu kuliko mawe mengi laini ya kuchonga yatumiwayo katika nchi ya bara. Haikubali kupasuka, kwa hiyo jiwe ndilo lipasukalo. Nayo huyafungia maji ndani, na baada ya misimu michache uso wa jiwe huanza kumomonyoka kama keki ya zamani, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza. Ukuta hung'aa kwa nje na kuugua kwa ndani.

Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa habari za chokaa. Tangu zamani walipanga magogo kwa mviringo, wakaweka mawe ya matumbawe juu yake, wakachoma, kisha wakaiacha chokaa inyeshewe na kupoa kwa muda mrefu kabla ya kuitumia. Misikiti na nyumba za Lamu, Gede na Kilwa zilifungwa kwa chokaa hiyo. Bara nako si maskini: nchi ya Kajiado yenyewe ina mawe ya chokaa, nayo yamechimbwa miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya simenti. Kinachopungua ni mafundi. Kijana aliyejifunza kuchanganya chokaa na mchanga kwa kadiri, kuifinyilia ndani ya ufa kidogo kidogo, na kuilinda na jua kali kwa magunia yaliyoloweshwa, angepata kazi Lamu na Unguja, wala si Ngong tu. Ila aonywe: chokaa mbichi inapotiwa maji huchemka na kuruka, nayo yaweza kupofusha macho. Miwani na glovu si anasa.

KUIFUNGA NYUMBA

Ufa ukikwisha kujazwa, jengo halijawa salama. Lililobaki ni kulifunga, ili kuta nne na paa vitikisike pamoja kama sanduku na si kama karata zilizosimamishwa. Njia ya zamani, iliyotumika katika nchi nyingi, ni kupitisha vyuma virefu kutoka ukuta hata ukuta chini ya paa, na kuvikaza kwa nje kwa bamba la chuma. Njia nyingine ni mkanda wa mbao nene unaozunguka juu ya kuta zote, ambao kenchi za paa hupigiliwa kwake. Ile pembetatu ya mbele hufungwa kwenye kenchi kwa vyuma ili isiangukie nje. Na ukuta wenye maganda mawili hushonwa: mashimo hutobolewa, na mawe marefu au vyuma visivyoshika kutu hupenyezwa kutoka uso hata uso.

Hapa pana mtego ambao hata wataalamu wameingia. Nchini Italia, katika miaka ya nyuma, nyumba nyingi za mawe ziliondolewa mapaa yao ya mbao zikawekewa mapaa na mikanda mizito ya zege, kwa imani ya kwamba zimeimarishwa. Katika tetemeko lile lile la mwaka 1997, kwenye vijiji vya Umbria, zege ilibaki nzima lakini kuta dhaifu zilizokuwa chini yake zilipondeka. Debe la kichwani lilikuwa limeongezwa maji. Basi anayeshauri ya kwamba kanisa la kale liezuliwe na kumwagiwa zege juu na aulizwe kwanza: kuta zitabebaje?

Na kazi hii ifanywe katika hali ya utulivu, ikiwezekana kabla ya tetemeko, kwa maana jengo lililo katikati ya matengenezo ni kama mgonjwa aliye juu ya meza ya mpasuaji. Tarehe 8 Septemba, 2023, tetemeko lilipopiga Morocco, msikiti wa Tinmel, wa karne ya 12, ulikuwa ukitengenezwa. Sehemu yake kubwa ilianguka, na baadhi ya wafanyakazi wakapoteza maisha.

Sehemu mpya isifichwe ikafanana mno na ya kale. Jiwe jipya laweza kuwa la rangi ile ile, lakini likachongwa kwa namna tofauti kidogo, au tarehe ikachorwa juu yake. Mtoto atakayelitazama baada ya miaka 50 atajua lipi la babu na lipi la baba.

KUNA WAKATI WA KUVUNJA

Si haki kuwaambia watu ya kuwa kila jengo laweza kuokolewa. Huko Fort Portal, kanisa kuu la Virika liliharibiwa na tetemeko la mwaka 1966, na waumini wakajenga jipya. Huko Bukoba, shule ya sekondari ya Ihungo, iliyoanzishwa na wamisionari na kusomesha vizazi vingi, iliharibika sana mwaka 2016 hata ikafungwa, kisha ikajengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza. Wavulana mamia hawawezi kulala chini ya kuta zilizoachana kwa ajili ya heshima ya historia. Pengine tena gofu hubaki gofu. Qalhat, mji wa kale wa Oman ambao meli zake zilifanya biashara na pande hizi za Afrika, inasemwa ulipigwa na tetemeko katika karne ya 15, na Wareno wakauteketeza mwaka 1508. Leo hakuna aujengaye tena. Kaburi la Bibi Maryam limesimama pale kati ya magofu, nayo huangaliwa yasizidi kuporomoka.

Jambo la kudaiwa ni kwamba uamuzi wa kuvunja utolewe na wanaojua, kwa maandishi, baada ya jengo kupimwa na kupigwa picha. Usitolewe na mwenye kandarasi ya kujenga jipya. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamruhusu Waziri kutangaza jengo lenye thamani ya kihistoria kuwa limelindwa, na jengo lililotangazwa hivyo haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa bila idhini. Majengo mengi ya mashambani hayajaingia katika orodha hiyo. Hakuna kinachozuia kamati ya kanisa, ya shule au ya soko kuwaandikia Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kuomba jengo lao likaguliwe sasa, wakati halina ufa.

Barua hiyo itapata nguvu ikiambatana na kumbukumbu. Jengo lipimwe kwa futi ya kamba, urefu, upana, kimo, unene wa kuta na nafasi ya kila dirisha, na vipimo hivyo vichorwe katika karatasi kubwa. Wazee waulizwe jengo lilijengwa mwaka gani, mawe yalitoka machimbo gani, nani walikuwa mafundi, na lilitengenezwa lini tena. Picha zipigwe ndani na nje. Kisha nakala zifanywe mbili, na ya pili isiwekwe katika kabati la jengo lile lile, bali ipelekwe katika ofisi nyingine iliyo mbali, kwa mfano Kajiado au Nairobi.